Rais mweusi wa kwanza wa Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Obama, rangi na siasa

Kila Marekani inapoingia kwenye uchaguzi, jina la Barack Obama hurudi mezani, kwa kinyozi na kwenye makundi ya WhatsApp, na maswali huwa yale yale. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi.

Je, Obama ndiye mweusi wa kwanza kugombea urais Marekani?

Hapana. Ndiye wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa, na wa kwanza kushinda. Shirley Chisholm, mbunge kutoka Brooklyn, aliomba tiketi ya chama cha Democratic mwaka 1972. Jesse Jackson aliiomba mara mbili, 1984 na 1988, na mara ya pili alishinda kura za mchujo katika majimbo kadhaa. Watu humtaja Jackson kama tanbihi tu, na hapo humwonea. Kampeni zake ziliandikisha wapigakura wengi weusi wa Kusini, kisha zikakibana chama kigawe wajumbe kwa uwiano wa kura, badala ya mshindi wa jimbo kuzoa wote. Miaka 20 baadaye Obama alimbwaga Hillary Clinton kwa hesabu hiyo hiyo ya wajumbe.

Mama yake alikuwa mzungu. Kwa nini aitwe mweusi na siyo chotara?

Kwa sababu Marekani rangi haikupangwa kwa kuhesabu wazazi. Wakati wa utumwa, mtoto wa mwanamke mtumwa alizaliwa mtumwa hata kama baba yake ndiye mwenye shamba, na wengi walizaliwa hivyo. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, majimbo ya Kusini yalihitaji njia nyingine ya kutenga watu, na baada ya muda zikaja sheria za tone moja la damu: ukiwa na mzazi wa ukoo mweusi hata mmoja wa mbali, wewe ni mweusi. Virginia ilipitisha ya kwake mwaka 1924, na sheria hiyo hiyo ilikataza ndoa kati ya mzungu na mweusi.

Mama yake, Ann Dunham, binti wa Kansas, alifunga ndoa na Mkenya Barack Obama Mzee kisiwani Maui mwezi Februari 1961. Hawaii hilo halikuwa na tatizo. Virginia wangefungwa jela. Mahakama ya Juu ilizifuta sheria za namna hiyo nchi nzima Juni 1967, wakati mtoto wao akikaribia kutimiza miaka sita.

Kwetu hesabu inakwenda kwingine kabisa. Kwa Waluo mtoto ni wa baba, kwa hiyo kijijini Nyang'oma Kogelo, kaunti ya Siaya, Obama ni mtoto wa nyumbani na mjadala umekwisha. Rangi ya mama haimo. Ndiyo maana Mkenya na Mmarekani wanaweza kubishana usiku kucha juu ya Obama "ni wa nani" bila kukaribiana: mmoja anaangalia ukoo, mwingine anaangalia ngozi.

Mwenyewe alishachagua. Fomu ya sensa ya 2010 ilimruhusu kutia alama zaidi ya kundi moja. Alitia moja tu, ya mweusi. Aliwahi pia kusema kwamba anaposimama barabarani akitafuta teksi, dereva haoni chotara pale.

Wamarekani weusi walimkubali tangu mwanzo?

Hata kidogo, na hili huwashangaza wengi wetu. Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa Bobby Rush, mbunge wa Chicago aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi. Alipigwa vibaya, Rush akipata kura mara mbili ya zake. Maneno yaliyomuumiza ni kwamba hakuwa mweusi wa kutosha: amekulia Hawaii na Indonesia, amesoma Harvard, baba yake mwanafunzi kutoka Kenya, hana babu aliyechuma pamba Mississippi. Wakosoaji wake walikuwa weusi wenzake.

Hata mwaka 2007, alipotangaza kugombea urais, wapigakura wengi weusi walikuwa bado upande wa Hillary Clinton. Baadhi walimpenda Clinton kweli. Wengine waliogopa kupoteza kura kwa mtu ambaye wazungu hawatamchagua, na wazee waliokumbuka mwaka 1968, Martin Luther King alipouawa, waliogopa naye atauawa. Hofu hiyo haikuwa ya bure: alipewa walinzi wa Secret Service Mei 2007, mapema kuliko mgombea yeyote kabla yake.

Mambo yaligeuka Januari 3, 2008, Iowa, jimbo ambalo zaidi ya watu 9 kati ya 10 ni wazungu. Alishinda. Wiki tatu baadaye South Carolina, ambako weusi ndio wengi katika mchujo wa Democratic, ikamfuata kwa kishindo. Weusi walisubiri kwanza waone kama wazungu watampa.

Na Michelle asisahauliwe. Yeye ni wa Chicago kusini, na ukoo wake unafika kwa Jim Robinson, mtumwa wa shamba la Friendfield huko Georgetown, South Carolina. Kwa Mmarekani mweusi aliyekuwa na mashaka na mtoto wa Mkenya, Michelle alikuwa jibu tosha.

Baba yake alipelekwa Amerika na ndege za Tom Mboya?

Si moja kwa moja. Ndege iliyobeba wanafunzi 81 wa mpango wa Mboya, mwanasiasa wa Kenya aliyepeleka vijana kusoma Marekani, iliondoka Septemba 1959. Obama Mzee hakuwemo. Yeye alifika Hawaii mwaka huo huo kwa msaada wa marafiki Wamarekani waliokuwa Nairobi, ingawa Mboya alimjua vizuri. Obama mwenyewe aliichanganya hadithi hii katika hotuba aliyoitoa Selma mwaka 2007, basi usimlaumu shemeji yako akiichanganya.

Baada ya Hawaii, Obama Mzee alikwenda Harvard, akamwacha mke na mtoto. Alirudi Kenya kuwa mchumi wa serikali, na mwaka 1965 aliandika makala akikosoa hadharani mpango wa uchumi wa serikali ya Kenyatta. Alikufa katika ajali ya gari Nairobi mwaka 1982. Mwanawe alikuwa amemwona mara moja tu tangu utotoni, mwaka 1971.

Wazungu walimpigia kura kweli?

Walimpigia, ingawa wengi wao hawakumpigia. Kwa maoni yaliyokusanywa vituoni mwaka 2008, alipata takriban 43 kwa mia ya kura za wazungu. Inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba John Kerry, mzungu, alikuwa amepata 41 mwaka 2004, na kwamba hakuna mgombea wa Democratic aliyepata wengi wa wazungu tangu Lyndon Johnson mwaka 1964. Johnson ndiye aliyesaini sheria za haki za kiraia na haki ya kupiga kura, na Kusini haikumsamehe yeye wala chama chake.

Weusi walimpa 95 kwa mia. Walatino na vijana wakamalizia kazi. Jumla: kura 365 za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais rasmi, dhidi ya 173 za John McCain. Mwaka 2012 alimshinda Mitt Romney kwa 332 dhidi ya 206, lakini sehemu yake ya kura za wazungu ilishuka hadi 39 kwa mia.

Wachambuzi walikuwa wakisubiri kuona kama yatamkuta ya Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles aliyeongoza katika kura za maoni za ugavana wa California mwaka 1982 kisha akashindwa, ikasemekana wazungu walidanganya walipoulizwa. Kwa Obama hilo halikutokea. Kura za maoni zilikuwa karibu sawa na matokeo.

Na wanasiasa wa chama chake mwenyewe?

Walimheshimu, huku mdomo ukiteleza. Joe Biden, kabla hajawa mgombea mwenza wake, alimsifu mwaka 2007 kwa kuwa "msafi" na mwenye ufasaha, ikabidi aombe radhi. Januari 2010 ikafichuka kwamba Harry Reid, kiongozi wa Democratic katika Seneti, alisema faraghani kuwa Obama angeweza kushinda kwa sababu ngozi yake si nyeusi sana na haongei kama weusi, labda pale anapotaka. Reid naye aliomba radhi na Obama akampokea. Ila ukitaka kujua jinsi mlango ulivyokuwa mwembamba, Reid alitoa vipimo vyake kuliko profesa yeyote.

Ule uvumi kwamba alizaliwa Kenya ulitoka wapi?

Ulianza kusambaa kwa barua pepe wakati wa kampeni za 2008, ukichanganywa na ule mwingine kwamba ni Mwislamu aliyejificha. Kampeni yake ilitoa cheti kifupi cha kuzaliwa Juni 2008. Serikali ya jimbo la Hawaii, ambayo gavana wake Linda Lingle alikuwa wa Republican, ikathibitisha rekodi. Magazeti mawili ya Honolulu yalikuwa yamechapisha tangazo la kuzaliwa kwake Agosti 1961, na ili uvumi uwe kweli ilibidi mtu apange njama hiyo akiwa na mtoto mchanga mkononi, akijua miaka 47 mapema kwamba atagombea urais. Kenya yenyewe mwaka 1961 ilikuwa bado koloni la Mwingereza.

Haikusaidia. Mwaka 2011 Donald Trump alilichukua suala hilo na kulizungusha kwenye kila runinga iliyomkaribisha. Aprili 27, 2011, Ikulu ilitoa nakala ya cheti kirefu, na rais wa Marekani akasimama mbele ya waandishi kulizungumzia. Siku tatu baadaye, kwenye chakula cha jioni cha waandishi wa Ikulu, alimkejeli Trump akiwa ameketi mle mle ukumbini. Kesho yake usiku alitangaza kwamba Osama bin Laden ameuawa. Trump alikuja kukiri kwamba Obama alizaliwa Marekani Septemba 16, 2016, wiki chache kabla ya uchaguzi wake mwenyewe, bila kuomba radhi.

Linalofaa kuulizwa ni kwa nini yeye. McCain, mpinzani wake wa 2008, alizaliwa kweli nje ya majimbo ya Marekani, katika eneo la Mfereji wa Panama. Seneti ilipitisha azimio la kurasa chache kwamba anastahili kugombea, Obama mwenyewe akiliunga mkono, na watu wakaendelea na shughuli zao. Hakuna aliyemwambia McCain arudi Panama.

Wakenya nao tulichangia kidogo. Kila utani wa "mtoto wetu, mzaliwa wa hapa" ulionaswa na kamera uliishia kwenye tovuti ya mtu huko Texas kama ushahidi.

Mchungaji Jeremiah Wright alihusika vipi?

Alikuwa mchungaji wa Obama Chicago kwa karibu miaka 20, ndiye aliyemfungisha ndoa. Machi 2008 televisheni zilirusha vipande vya mahubiri yake akiilaani Marekani kwa dhambi zake. Kampeni iliyumba. Machi 18, huko Philadelphia, Obama alitoa hotuba ndefu kuhusu rangi: alieleza hasira ya weusi inatoka wapi, kisha akaeleza hasira ya wazungu wa tabaka la kazi, na akamtaja bibi yake mzungu aliyemlea, aliyempenda kuliko chochote, ambaye hata hivyo aliwahi kukiri kumwogopa mwanamume mweusi akipishana naye njiani. Wiki kadhaa baadaye Wright alizungumza tena hadharani, na Obama akamkana moja kwa moja.

Kwa nini hakuzungumzia ubaguzi wa rangi wazi alipokuwa madarakani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa. Rangi haikumzuia kuingia Ikulu. Kazi ya rangi ilionekana baada ya hapo, katika kumpimia maneno.

Chukua Julai 2009. Henry Louis Gates, profesa mweusi wa Harvard mwenye jina kubwa, anarudi nyumbani kwake Cambridge kutoka safari ya China. Mlango wa mbele umekwama, anausukuma pamoja na dereva wake. Mpita njia anapiga simu polisi. Askari anafika, maneno yanapanda, na Gates, mzee anayetembea kwa mkongojo, anafungwa pingu kwenye kibaraza cha nyumba yake. Mashtaka yalifutwa siku chache baadaye. Obama aliulizwa kuhusu tukio hilo mwishoni mwa mkutano na waandishi uliohusu bima ya afya, akasema polisi walitenda kijinga. Maneno machache, na mjadala wa bima ya afya ukazama kwa wiki nzima. Vyama vya polisi vikang'aka. Shirika la utafiti la Pew lilipouliza wananchi, waliochukizwa na jinsi rais alivyolishughulikia walikuwa wengi kuliko waliopendezwa. Ikabidi awaalike Gates na askari yule, James Crowley, wanywe bia kwenye bustani ya Ikulu, Biden akiwa wa nne mezani. Tazama picha ile: wanaume wanne, vikombe vya bia, vibakuli vya njugu, na rais wa taifa kubwa akilipia sentensi moja.

Somo lilimwingia. Kwa muda mrefu baada ya hapo alilizunguka suala la rangi kwa mbali. Februari 2012 kijana wa miaka 17, Trayvon Martin, aliuawa Sanford, Florida, na mlinzi wa kujitolea wa mtaa, akiwa amebeba pipi na kopo la kinywaji. Mwezi mmoja baadaye Obama alisema kwamba kama angekuwa na mtoto wa kiume, angefanana na Trayvon. Hakumlaumu mtu. Hata hivyo wapinzani walimshutumu kwa kuwagawa watu. Julai 2013, mshtakiwa alipoachiwa huru, Obama aliingia chumba cha waandishi bila kutangazwa na akazungumza bila karatasi: kwamba Trayvon angeweza kuwa yeye miaka 35 iliyopita, kwamba ni wanaume weusi wachache ambao hawajawahi kufuatwa wakiwa dukani au kusikia milango ya magari ikifungwa wanapopita, naye akiwa mmoja wao kabla hajawa seneta.

Kisha ikaja 2014, Eric Garner aliyekabwa New York na Michael Brown aliyepigwa risasi Ferguson. Vijana wa Black Lives Matter walimwona mzito, anayepima pande mbili mno. Polisi walimwona adui. Nadhani wote wawili walikuwa wakimtazama mtu yule yule akifanya hesabu ile ile ya bia.

Alikuwa huru zaidi mwishoni. Juni 2015 kijana mzungu aliwaua watu tisa katika kanisa la Emanuel, Charleston, akiwemo mchungaji Clementa Pinckney, aliyekuwa pia seneta wa jimbo. Kwenye mazishi Obama alisema waziwazi kuhusu bendera ya waasi wa Kusini na utumwa. Karibu na mwisho wa hotuba alinyamaza, muda ukapita hadi watu wakaanza kutazamana, halafu akaanza kuimba Amazing Grace peke yake. Maaskofu nyuma yake waliinuka, mpiga kinanda akamtafuta ufunguo. Alihubiri kama mchungaji mweusi mbele ya nchi nzima. Hakuwa na uchaguzi mwingine wa kuogopa. Wiki mbili baadaye South Carolina iliishusha bendera ile kwenye viwanja vya bunge lake.

Upinzani wa Republican ulitokana na rangi yake?

Sehemu yake, si wote. Chama hicho kilimfungulia Bill Clinton mashtaka ya kumng'oa mwaka 1998, na Clinton ni mzungu wa Arkansas. Mitch McConnell, kiongozi wa Republican katika Seneti, aliposema mwaka 2010 kwamba lengo lao kuu ni Obama atawale muhula mmoja tu, hayo ni maneno ambayo mwanasiasa yeyote wa upinzani angeweza kuyasema, Nairobi au Dodoma.

Lakini mambo mengine hayaelezeki kwa siasa za kawaida. Septemba 2009 mbunge Joe Wilson wa South Carolina alimkatiza rais akihutubia Bunge zima kwa kumpigia kelele kwamba anadanganya. Katika mikutano ya Tea Party, vuguvugu la wahafidhina, yalionekana mabango ya Obama akiwa amevalishwa kama mganga mwenye mfupa puani. Cheti cha kuzaliwa hatukirudii. Anayesema ubaguzi haukuwepo anajifanya haoni. Anayesema kila aliyempinga ni mbaguzi anasahau kwamba mamilioni ya wazungu waliompigia 2008 walichagua Republican mwaka 2010, wakati kazi zilikuwa adimu.

Aliwafanyia nini weusi wa Marekani?

Zaidi ya wanavyokubali wakosoaji wake, na pungufu ya walivyotarajia waliolia kwa furaha katika bustani ya Grant Park, Chicago, usiku wa ushindi wake wa 2008.

Bima ya afya ya mwaka 2010 iliwafikia watu takriban milioni 20 wasiokuwa nayo, na weusi walifaidika kwa kiwango kikubwa. Kulikuwa na mwiba: mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliruhusu majimbo kukataa kupanua bima ya maskini, na majimbo mengi ya Kusini, ambako ndiko weusi wengi wanaishi, yakakataa. Sheria ya Agosti 2010 ilipunguza tofauti ya adhabu kati ya kokeini ya mawe, ambayo weusi wengi walifungwa kwayo, na ile ya unga, kutoka 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1. Kwa nini 18 na siyo 1? Kwa sababu ndicho walichokubali Republican. Wakulima weusi walionyimwa mikopo ya serikali kwa miaka mingi walitengewa dola bilioni 1.15. Wafungwa 1,715 walipunguziwa adhabu, wengi wao wa dawa za kulevya. Eric Holder na baadaye Loretta Lynch, wote weusi, waliongoza wizara ya sheria, wakachunguza idara za polisi, ikiwemo ya Ferguson.

Ukosefu wa kazi kwa weusi ulipanda hadi karibu 17 kwa mia mwanzoni mwa 2010 na ulikuwa chini ya 8 alipoondoka. Pengo na wazungu lilibaki pale pale, karibu mara mbili. Na nyumba: mgogoro wa mikopo uliwanyang'anya weusi wengi mali pekee waliyokuwa nayo, huku benki zikiokolewa. Hapo sioni utetezi wa maana.

Jambo moja lilimponyoka kabisa. Juni 2013, katika kesi ya kaunti ya Shelby, Mahakama ya Juu iliondoa kifungu kilicholazimisha maeneo yenye historia ya ubaguzi kuomba idhini kabla ya kubadili sheria zao za uchaguzi. Texas ilianza kutekeleza sheria yake ya vitambulisho karibu saa zile zile. Mwaka mmoja kabla ya hapo weusi walikuwa wamejitokeza kupiga kura kwa kiwango cha juu kuliko wazungu, kwa mara ya kwanza katika takwimu za sensa.

Mama Sarah alikuwa bibi yake wa damu?

Hapana. Alikuwa mke wa tatu wa babu yake, Hussein Onyango, na ndiye aliyemlea Obama Mzee. Kwa desturi ni bibi yake na hakuna wa kusema vingine. Alifariki Machi 2021 akiwa na miaka 99.

Kwa nini Wakenya walishangilia kuliko hata Wamarekani?

Rais Kibaki alitangaza Novemba 6, 2008 kuwa sikukuu ya kitaifa. Watoto walipewa jina Obama, bia ya Senator ilikuwa tayari inaitwa Obama na wanywaji, na wauzaji wa kanga walileta ile yenye picha yake na maneno HONGERA BARACK OBAMA, jina lake likiwa "Upendo na amani ametujalia Mungu", ambayo mpaka leo utaiona imefungwa kiunoni mwa mama anayekaanga mihogo.

Chini ya sherehe kulikuwa na jambo zito. Miezi michache tu kabla, uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umetuacha na zaidi ya watu 1,100 waliouawa na wapatao 600,000 waliofukuzwa makwao, kwa sababu za kikabila. Utani uliozunguka Kisumu ulikuwa mchungu: Mluo amekuwa rais wa Marekani kabla ya kuwa wa Kenya. Alipohutubia Kasarani Julai 2015, rais wa kwanza wa Marekani kuzuru Kenya akiwa madarakani, Obama aliusemea ukabila huo bila kuuma maneno. Alimsimulia pia babu yake, mpishi wa Waingereza, aliyeitwa "boi" akiwa mtu mzima mwenye watoto. Kuhusu rangi, ndilo daraja fupi kuliko yote kati ya Siaya na Mississippi.

Alileta nini Afrika Mashariki?

Barabara inayopita mbele ya Ikulu ya Dar es Salaam ina jina lake tangu ziara yake ya Julai 2013, na kule Kogelo umeme ulifika. Mpango wa Power Africa ulitangazwa katika ziara ile ile ya Afrika, naye alitembelea mitambo ya umeme ya Ubungo. Vijana wengi wamepita kwenye mafunzo yake ya viongozi. Waliotarajia viza rahisi na misaada ya kifamilia walisubiri sana. Alikuwa rais wa Marekani, na ndege zisizo na rubani ziliendelea kurusha makombora Somalia, na Libya ikavunjika mwaka 2011 akiwa mmoja wa walioshiriki.

Ile picha ya mtoto anayemgusa kichwa ni ya kweli?

Ni ya kweli. Ni ya Mei 2009, imepigwa na Pete Souza, mpiga picha wa Ikulu. Mtoto mweusi wa miaka mitano, aliyekuja na wazazi wake kumuaga rais, aliuliza kwa sauti ndogo kama nywele zake ni kama za rais. Obama aliinama mpaka kichwa kikafika usawa wa mkono wa mtoto, akamwambia aguse. Picha za kutani Ikulu hubadilishwa kila baada ya wiki chache. Hiyo iliachwa kwa miaka.

Trump alichaguliwa kama kisasi dhidi ya Obama?

Kwa sehemu ya wapigakura, ndiyo. Aliyejenga jina lake la kisiasa kwa kudai rais mweusi si raia halali alijua anaongea na nani. Lakini kaunti zaidi ya 200 zilizompa Trump ushindi 2016 zilikuwa zimemchagua Obama mara mbili, na kujitokeza kwa wapigakura weusi kulishuka kutoka karibu 67 kwa mia mwaka 2012 hadi karibu 60. Wasiokuja nao waliamua.

Je, yuko mweusi mwingine aliyekaribia?

Kamala Harris, baba Mjamaika na mama Mhindi, alikuwa makamu wa rais tangu Januari 2021, akachukua tiketi Biden alipojitoa Julai 2024. Siku kumi baadaye Trump, mbele ya waandishi weusi mjini Chicago, alidai kwamba Harris alikuwa Mhindi siku zote kisha ghafla akageuka kuwa mweusi. Harris alishindwa kwa kura za wajumbe 226 dhidi ya 312.

Marais wa Marekani hutoka mara nyingi kwenye ugavana. Tangu nchi hiyo ianze hadi uchaguzi wa 2024, weusi waliochaguliwa kwa kura kuwa magavana ni watatu: Douglas Wilder wa Virginia, Deval Patrick wa Massachusetts na Wes Moore wa Maryland.